Sura za wavuvi nyeusi, anga jeupe: je, ni kamera?

Swali: *Naishi Bagamoyo, kazi yangu ni ya ofisini. Siku za mapumziko hutoka na kamera ya mtumba niliyonunua Kariakoo, Canon yenye lenzi yake ya 18–55, nikapiga bahari, majumba ya Mji Mkongwe na watu wa soko la samaki. Huwa nawahi alfajiri kwa sababu nimesikia ndiyo saa yenye mwanga mzuri. Lakini picha nyingi za ufukweni sura za watu zinatoka nyeusi tii, hata macho hayaonekani, na anga nyuma yao jeupe kama karatasi. Nyingine zina ukungu, utadhani kulikuwa na moshi. Jamaa anayepiga picha za harusi ameniambia ngozi nyeusi ni ngumu kupigwa, kamera hii haiwezi, nikope nichukue kubwa. Tena wavuvi wengine wakiona kamera wanageuza uso au wanafoka. Je, nikope? Au nakosea wapi?*

Jibu: Usikope. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu mkopo ndio jambo pekee katika swali lako litakaloacha maumivu. Kamera uliyonayo inatosha kwa kazi unayoieleza, na ukienda na kamera ya mamilioni ukasimama pale pale, saa ile ile, ukaelekea upande ule ule, utarudi na sura nyeusi zile zile. Una mambo matatu hapa na kila moja lina dawa yake: mwanga, ukungu na watu. Nitakaa zaidi kwenye mwanga, maana ndiko kwenye shida.

Kwanza niliondoe hilo la ngozi, kwa kuwa linaniuma kila ninapolisikia, hasa likitoka kwa mpiga picha mwenzetu anayeishi kwa kupiga ngozi hizo hizo. Ngozi nyeusi si ngumu kupigwa. Wazo hilo lina historia: kwa miongo kadhaa, maabara za kusafishia filamu za rangi zilisawazisha rangi zake kwa kadi zenye picha ya mwanamke Mzungu, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, kazi imepita. Aliyekuwa mweusi zaidi yake alitoka alivyotoka, na lawama akabebeshwa yeye badala ya kipimo. Wakati huo huo, kule Bamako nchini Mali, Seydou Keïta alikuwa akiwapiga watu wa mji wake kwa mwanga wa mchana, na picha zake hadi leo zinatundikwa kwenye majumba ya makumbusho duniani. Ngozi iko pale na mng'ao wake wote. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kidogo kuliko nyeupe, basi. Kwa hiyo inataka mwanga uielekee. Ikipewa mwanga wa ubavuni inang'aa kwa namna ambayo mimi naipenda kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii.

Sasa tuone kinachotokea ndani ya kamera.

Kamera haijui kwamba umemlenga mvuvi. Inachojua ni kiasi cha mwanga kilichomo kwenye fremu, na kipimo chake kimetengenezwa kwa kudhani kwamba mandhari yoyote, ukichanganya peupe na peusi, wastani wake ni kijivu cha kati, yaani kitu kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Dhana hiyo inafaa sana kwenye uwanja wa majani. Kwenye ufukwe wa Bagamoyo asubuhi haifai, kwa sababu robo tatu ya fremu yako ni anga, maji yanayometameta na mchanga mweupe. Kamera inaona weupe umezidi, inapunguza mwanga ili wastani urudi kwenye kijivu, na mvuvi wako aliye katikati anapunguzwa pamoja na hivyo vyote. Hapo sura imeingia giza.

Jambo la pili ni tofauti kati ya panapong'aa sana na penye kivuli sana. Wapiga picha huhesabu tofauti hiyo kwa hatua, na kila hatua ni mwanga mara mbili ya ile iliyotangulia. Kihisi cha kamera ya kawaida, yaani kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga, kinaweza kudaka hatua 11 na kuendelea, lakini picha ya JPEG, yaani faili la kawaida lililobanwa linalotoka moja kwa moja kwenye kamera, inabakiza chache zaidi. Jua likiwa nyuma ya mtu, tofauti kati ya anga lililo karibu na jua na upande wa uso ulio kivulini huvuka kiwango hicho. Kamera inalazimika kuacha kitu. Mara inaacha uso, mara inaacha anga, na mara inajaribu kugawanya ikaharibu vyote viwili: uso mweusi na anga lililoungua, kama unavyolalamika. Jicho lako halikuonyeshi shida hiyo ukiwa pale kwa sababu mboni hupanuka na kusinyaa kila unapohamisha macho, na ubongo unakuunganishia. Ndiyo maana picha inakushangaza ukiitazama nyumbani.

Kwa nini basi alfajiri, saa inayosifiwa na kila mtu, ndiyo inayokuangusha? Angalia ramani. Bahari ya Bagamoyo iko mashariki, ikiinamia kaskazini-mashariki. Jua linachomoza baharini. Mwezi wa sita na wa saba huchomoza karibu mbele yako kabisa ukiitazama bahari. Mwezi wa kumi na mbili husogea kuliani, upande wa Kaole na Mbegani. Mvuvi anayeshuka kwenye ngalawa na kupanda ufukweni na ndoo yake ya samaki anatembea kuelekea mjini, yaani anakuja kwako huku jua likiwa mgongoni mwake. Umesimama mchangani, unatazama bahari, unapiga upande wa kivuli cha kila kitu. Waliosema alfajiri ina mwanga mzuri hawakukosea. Ila wewe mwanga huo unaupa uso wako wakati ulipaswa kuupa mgongo.

Dawa ya kwanza, isiyogharimu hata senti, ni kugeuka. Asubuhi ipe bahari mgongo. Ukiweza, vua viatu, maji yakiwa yamekupwa ingia mpaka magotini, kamba ya kamera ikiwa shingoni na si mkononi, kisha tazama nchi kavu. Utawaona wachuuzi na akina mama waliosimama kusubiri vyombo vifike, wote nyuso zao zinaelekea jua. Utaona madau yaliyopandishwa mchangani, mbavu za mbao zimepigwa na mwanga wa manjano. Juu yao kuna minazi na majengo ya zamani yanayotazama bahari, na kuta zake za mawe ya matumbawe zinazoonekana bapa saa sita hapo zinaonyesha kila kovu. Milango ya nakshi ya Mji Mkongwe nayo ina saa zake: nakshi huonekana pale mwanga unapopita ubavuni mwake, kwa hiyo tembea Mtaa wa India mara moja asubuhi na mara moja alasiri, uandike kwenye simu ni mlango upi unaguswa na jua saa ngapi. Orodha hiyo itakufaa miaka.

Jioni mambo hugeuka. Jua liko nyuma ya mji, linawapiga usoni wanaopanda kutoka majini. Ukitaka mvuvi anayekuja kwako na bahari nyuma yake, saa yako ni kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu hivi. Baada ya hapo minazi na nyumba zitauweka ufukwe kivulini kabla jua halijatua kwenyewe. Usifungashe. Kivuli hicho kimefunikwa na anga zima linalong'aa mbele yenu, mwanga wake ni laini, na sura hutoka vizuri sana.

Lakini usiende kila jioni bila kuuliza maji. Hili wapiga picha wengi wanaotoka Dar es Salaam hawalijui, na wewe unayeishi hapo una bahati. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwenye pwani yetu maji hujaa karibu saa kumi alasiri, yakapwa karibu saa nne asubuhi. Hapo jioni utapata vyombo vinaelea karibu, bluu imejaa, na mwanga uko nyuma yako. Maji hukawia kama dakika 50 kila siku, hivyo baada ya wiki moja, siku za maji mafu, mambo yamepinduka: jioni ndiyo yanakupwa, ingawa hayaendi mbali. Mandhari ya bahari bila kujua maji ni kubahatisha tu. Muulize mvuvi yeyote, atakuambia bila kutazama kitabu, na swali lenyewe ni njia nzuri ya kuanza mazungumzo.

Najua kuna siku huwezi kugeuka. Tukio liko mbele ya jua na halisubiri. Hapo una njia kadhaa na kila moja ina gharama.

Unaweza kuuchagua uso na kuliacha anga liungue. Tafuta kwenye kamera kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, panda hadi +1, tazama, ikibidi +2. Au weka kipimo cha nukta, kinachopima eneo dogo la katikati tu, ulenge shavu. Kwenye simu, gusa uso kwenye kioo kisha vuta alama ya jua kwenda juu. Anga litapotea. Mimi kwa picha ya mtu silionei huruma anga; nani atakumbuka wingu kama macho ya mzee yanaonekana?

Unaweza kuchagua kinyume: pima anga, uache watu wawe weusi kwa makusudi. Jahazi lenye tanga lililotwekwa, au vijana wawili wamebeba mtungo wa samaki kwenye mti, ni maumbo yanayojieleza bila sura. Ila hakikisha maumbo hayabebani. Watu wanne wakipishana wanageuka doa moja.

Flashi? Watu hudhani ni ya usiku, kumbe kazi yake ya heshima ni mchana, kujaza kivuli cha uso. Lakini ile ndogo iliyo juu ya kamera yako ina nguvu kidogo. Kwenye jua kali tundu la lenzi litakuwa dogo, f/11, shata ikifunguka kwa 1/200 ya sekunde hivi, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuitikia mwanga, ikiwa 100; hapo mwanga wa flashi hiyo unafika karibu mita moja tu. Alfajiri, tundu likiwa pana zaidi, f/5.6, unafika kama mita mbili. Kwa mtu aliyekubali kusimama karibu inasaidia. Kwa mvuvi aliye ndani ya maji haifanyi lolote.

Njia nyingine ni kupiga faili ghafi, lile ambalo kwenye kamera limeandikwa RAW, kisha kuinua vivuli kwenye kompyuta. Ibadilishe leo mipangilio yako, hata kama bado hujajua kuhariri, kwa sababu faili hilo linahifadhi hatua ambazo JPEG inazitupa. Lakini usilitegemee kama mganga. Kivuli ulichokiinua sana kinatoka na chengachenga, na ngozi inageuka rangi ya majivu. Ndiyo ngozi ile inayowafanya watu waseme nyeusi ni ngumu.

Na saa sita? Ukiniuliza mimi, pumzisha kamera au ingia kivulini. Bagamoyo iko kama nyuzi 6 na nusu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi na wiki ya pili ya Oktoba jua hupita utosini kabisa, na miezi mingine haliko mbali. Macho yanakuwa mashimo chini ya nyusi. Ila chini ya mabanda ya soko la samaki, pale wanapokaanga, mwanga huingia kutoka pembeni ukiwa umeruka kutoka mchangani, na moshi wa mafuta unaupa umbo. Mweke mtu ukingoni mwa kivuli, uso uelekee nje, wewe usimame upande wa nje. Hapo hata saa saba mchana utapata picha ya kutundika ukutani.

Sasa ule ukungu. Kuna sababu nyepesi na kuna sababu nzito. Nyepesi ni jua kuingia moja kwa moja kwenye lenzi, likaruka baina ya vioo vya ndani na kufifisha picha nzima. Lenzi yenye alama za vidole au chumvi huzidisha. Ukiligeuzia jua mgongo ukungu ukatoweka, jibu umepata. Futa lenzi kwa kitambaa laini cha miwani, baada ya kupuliza mchanga kwa kipulizio cha mpira. Usianze kufuta kabla ya kupuliza, maana chembe moja ya mchanga ikiburutwa inaacha mkwaruzo wa kudumu. Weka mkono au kofia juu ya lenzi kukinga jua, na ukitoka pwani ifute kamera yote kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji yasiyo na chumvi, kisha kikavu.

Sababu nzito ni kuvu. Kamera za mtumba zilizolala kabatini kwenye joto na unyevu wa pwani huota kuvu ndani ya lenzi. Ivue lenzi, ishike dhidi ya taa, tazama ndani kwa tochi ya simu. Ukiona nyuzi nyembamba zilizotambaa mfano wa utando wa buibui, ndiyo yenyewe. Kujikinga ni rahisi: usiihifadhi kwenye mkoba wa ngozi wala kabati lililofungwa, weka kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana pamoja na vile vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na uibadilishie vifuko kila vinapochoka.

Imebaki habari ya watu, na hapa nakuomba unisikilize hata kuliko kwenye mwanga. Anayegeuza uso amekujibu. Wavuvi wa Bagamoyo wamepigwa picha na wageni maisha yao yote, wengi hawakuwahi kuiona hata moja, na wanaamini, si bila sababu, kwamba sura zao zinauzwa mahali. Wewe umekuja na lenzi ile ile. Watakutofautishaje?

Nenda siku chache bila kamera. Nunua samaki. Mzee umpe shikamoo yake, waliomo kazini uwape pole na kazi, ukae. Ukirudi na kamera, omba kwanza, na akikataa useme asante na kweli uishushe. Aliyekubali mchapishie nakala, kwa saizi ndogo ya studio ya mjini, umpelekee mkononi. Najua wapo wapiga picha wanaolipa papo kwa papo, na sitawahukumu, kwa kuwa mtu ametoa muda wake. Ila kwa mwenyeji anayerudi kila wiki naona nakala na samaki hujenga zaidi kuliko noti, kwa maana noti huwafanya watu waigize kazi badala ya kuifanya. Watoto usiwapige bila mzazi au mlezi kuridhia. Akina mama waliojistiri na watu walioko kwenye ibada waache kabisa mpaka waseme wenyewe. Na kwenye majengo ya serikali, vyombo vya ulinzi na maeneo ya forodha uliza kabla ya kuinua kamera. Magofu ya Kaole nayo ulizia getini utaratibu wao, hasa kama una stendi ya kamera ya miguu mitatu au unakusudia kuuza.

Nikigusa kuuza: picha za matembezi kwa ajili yako ni jambo moja. Siku utakapotaka kuweka sura ya mtu kwenye tangazo au kalenda ya biashara, pata ridhaa yake kwa maandishi, na uonane na mwanasheria, kwani tangu 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na si vizuri kuisoma kwa kukisia.

Mambo mengine hayamalizwi kwa maandishi. Ukiona nyuzi za kuvu, usiifungue lenzi mwenyewe wala usimpe fundi wa simu kwa kuwa yuko jirani. Mpelekee fundi wa kamera Dar es Salaam, na kabla ya kukubali bei ulinganishe na bei ya lenzi nyingine ya 18–55 ya mtumba, ambayo mara nyingi haizidi sana gharama ya kusafisha. Kuna pia doa la kihisi. Lijaribu hivi: weka f/16, piga anga tupu mara kadhaa huku ukibadilisha uelekeo. Doa likibaki mahali pale pale kwenye kila picha, na ukibadili lenzi bado lipo, ni vumbi juu ya kihisi. Hilo pia ni la fundi. Kidole na pamba ya sikio visilikaribie. Ukienda, mchukulie picha mbili za hilo jaribio kwenye kadi, umwonyeshe doa lilipo kabla hajaanza kufungua chochote.